Sanduku au wimbi? Umbo la jengo la makumbusho ya sayansi linavyotetewa

Swali: *Mimi ni mwanafunzi wa usanifu majengo, mwaka wa nne. Tumepewa kazi ya kubuni jengo la makumbusho ya sayansi. Nimechora jengo lenye paa la umbo la wimbi, kwa sababu mawimbi ni sayansi. Mwalimu wangu ameliangalia akasema hayo ni mapambo tu, nichore sanduku zuri na maonyesho yatajieleza yenyewe. Lakini majengo yote mashuhuri ninayoyaona kwenye picha yana maumbo makubwa. Nani yuko sahihi? Na nikitaka kubaki na wimbi langu, nilitetee vipi?*

Jibu:

Ndugu yangu, mwalimu wako yuko sahihi kuhusu sehemu kubwa ya jengo, na wewe unaweza kuwa sahihi kuhusu sehemu ndogo iliyobaki. Hiyo sehemu ndogo ndiyo inayopigwa picha, ndiyo maana ukifungua majarida unadhani jengo zima ni umbo. Tafuta ramani za majengo hayo hayo uzisome ghorofa kwa ghorofa. Mara nyingi utakuta kumbi pana za pembe nne, dari za juu, sakafu ngumu na nguzo chache, zote zimekaa nyuma ya kile kinachong'aa.

Mwanafunzi anaponiletea umbo, huwa namuuliza swali moja: ukilifuta kwenye mchoro, ni jambo gani la sayansi ambalo mgeni hataliona tena? Akijibu kwamba hakuna, ila jengo litapoteza mvuto, basi hilo ni pambo na mwalimu ana haki ya kulisema. Wimbi lako, kwa maelezo uliyonipa, bado halijavuka kipimo hicho. Paa la wimbi linaloonekana kutoka barabarani halimfundishi mpita njia lolote kuhusu mawimbi. Ila linaweza kuvuka, na nitakuonyesha njia.

Kwanza nimtetee mwalimu, maana hoja yake ina uzito kuliko unavyofikiri.

Mwaka 1969 mwanafizikia Frank Oppenheimer alifungua Exploratorium, makumbusho ya sayansi jijini San Francisco, ndani ya Palace of Fine Arts, jengo lililobaki kutoka maonyesho ya dunia ya 1915. Nje kuna nguzo na kuba la fahari la mtindo wa Kirumi. Ndani, mahali alipofanyia kazi yeye, palikuwa banda refu lililopinda, lenye giza kiasi, bila kuta za kugawa vyumba. Karakana ya kutengenezea vifaa vya maonyesho ilikuwa humo humo, wageni wakiiona. Makumbusho mengi ya kushika na kujaribu yaliyotapakaa duniani leo yalijifunza kutoka kwenye banda hilo. Walipohama mwaka 2013, walihamia banda jingine: Pier 15, gati la zamani la mizigo lililokaa juu ya maji ya ghuba. Wasanifu wa EHDD hawakulivisha umbo jipya. Walijaza paneli za jua juu ya paa, wakayatumia maji ya bahari yaliyo chini ya gati kupasha na kupoza jengo.

Banda linafaa kwa sababu onyesho la sayansi huzeeka mapema. Mchoro wa karne tatu zilizopita unaweza kukaa ukutani pale pale bila mtu kulalamika, lakini ukumbi unaoeleza kompyuta au jenetiki ukiachwa miaka 15 bila kuguswa unageuka kuwa historia. Jengo linalojengwa lidumu miaka 60 litabadilisha maonyesho yake mara kadhaa, na kila mara yatakuja na uzito mwingine, kimo kingine na mahitaji mengine ya umeme. Ukumbi uliokatwa kwa kipimo cha onyesho la kwanza utalipinga la pili. Ndiyo sababu mtu anayeijua aina hii ya jengo kwa undani huanza na mambo yasiyopendeza kwenye picha: mlango wa mizigo unaopitisha lori, lifti ya mizigo inayobeba gari zima, karakana iliyo sakafu moja na kumbi, na nyaya na mabomba yanayopita chini ya sakafu kwa mpangilio unaojirudia, ili umeme na maji vipatikane popote.

Uzito pia. Kanuni za ujenzi za Ulaya hukadiria kilonyutoni 3 hadi 5 kwa kila mita mraba ya sakafu ya kumbi za aina hii. Sasa fikiria tangi la maji: kina cha mita moja tu ni karibu kilonyutoni 10, yaani uzito wa tani moja, kwa mita mraba, kabla hujahesabu kuta za tangi. Frost Museum of Science ya Miami, iliyosanifiwa na Grimshaw na kufunguliwa mwaka 2017, ina tangi la galoni 500,000, yaani kama lita milioni 1.9. Hiyo ni takriban tani 1,900 za maji yaliyoinuliwa kutoka ardhini. Tangi ni koni ya zege iliyoinama, na kwenye ncha yake ya chini kuna lenzi ya akriliki, plastiki ngumu inayopitisha mwanga kama kioo, yenye upana wa zaidi ya mita 9. Mgeni akiwa juu anaona uso wa maji ulio wazi. Akishuka hadi chini ya lenzi, anawatazama papa kutoka chini yao. Uzito ambao msanifu mwingine angeuficha umepewa umbo, na umbo hilo ndilo linalomwonyesha mgeni kina cha bahari. Ukilifuta, unafuta na somo.

Kuna jambo linalosahaulika kuliko yote, nalo ni kelele. Naomba ulifanyie hesabu wewe mwenyewe kabla hujachora mstari mwingine. Chukua ukumbi wa mita 60 kwa 40, dari ikiwa mita 12. Ujazo wake ni mita za ujazo 28,800, na nyuso zake zote kwa pamoja ni mita mraba 7,200. Kama ni zege, kioo na vigae vitupu, nyuso hizo zitafyonza labda asilimia 5 ya sauti inayozigonga, sawa na mita mraba 360 za kufyonza kikamilifu. Mwanafizikia Wallace Sabine wa Harvard, aliyeianza kazi hii mwishoni mwa karne ya 19, alituachia kanuni nyepesi: zidisha ujazo kwa 0.161, kisha ugawanye kwa eneo la kufyonza. Unapata karibu sekunde 13. Maana yake mtoto akipiga ukelele mmoja, mlio wake utaendelea kuzunguka kwa sekunde 13, na hapo ukumbini kuna watoto mia tatu.

Sasa funika dari nzima kwa mbao zenye matundu, nyuma yake uweke pamba ya madini, na tuseme zinafyonza asilimia 80. Eneo la kufyonza linapanda hadi mita mraba 2,160 na mwangwi unashuka hadi sekunde 2 na kidogo. Hesabu hii ni ya mezani, kwa kuwa watu, vifaa na hewa yenyewe hufyonza pia, lakini mwelekeo wake ni wa kweli. Dari peke yake imeamua kama mwalimu wa shule ataweza kuongea na wanafunzi wake au atarudi nyumbani hana sauti. Kwa hiyo ukimwona mtu anachora ukumbi wa kioo na zege kuanzia chini hadi juu kwa sababu unapendeza, muulize watoto watasikia nini.

Kioo kinaleta tatizo la pili, la mwanga. Vitu vinavyochakaa kwa mwanga, kama karatasi, nguo, manyoya na wadudu waliokaushwa, huwekwa kwenye laksi 50 hivi, laksi ikiwa kipimo cha mwanga unaoangukia kitu. Nje mchana wa jua kali ni laksi 100,000. Skrini, leza na majaribio ya mwanga yanahitaji giza, na planetariamu, yaani ukumbi wa kuba unaoonyesha anga la usiku, inahitaji giza kabisa. Basi panga jengo kutoka kwenye mwanga kwenda gizani: mlango, mgahawa, ngazi na mahali pa kukutania vikae upande wa jua, kumbi za giza zikae katikati, na katikati ya hizo mbili uweke nafasi ya macho kuzoea. Mtu anayetoka kwenye jua na kuingia gizani ghafla hujikwaa.

Vyoo, mahali pa kuweka mabegi na mahali pa kulia chakula vipimwe kwa mabasi manne ya shule yaliyofika kwa wakati mmoja. Hapo sina la kuongeza.

Nadhani sasa unamwelewa mwalimu wako. Tuje upande wako.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Rose Center for Earth and Space, iliyo sehemu ya American Museum of Natural History jijini New York, kazi ya ofisi ya Polshek, iliyofunguliwa mwaka 2000. Ni mchemraba wa kioo, na ndani yake kuna tufe la kipenyo cha mita 26.5 lililosimama juu ya miguu michache. Ukipita barabarani unaweza kusema hili nalo ni umbo tu: sayari ndani ya kabati la kioo. Nusu ya juu ya tufe ni planetariamu, kwa hiyo kuba lake tayari lina kazi. Lakini kilicholiokoa hasa ni njia ya miguu inayolizunguka. Humo wameweka vielelezo vidogo kwenye kingo, na kila kimoja kinakutaka ulitumie tufe kama kipimo: kama tufe lile ni kitu fulani, basi hiki kilicho mbele yako ni kingine, kwa uwiano wa kweli. Ukiendelea kutembea, tufe linabadilika maana kutoka ulimwengu wote unaoonekana, hadi nyota, hadi sayari, hadi atomu.

Ijaribu hesabu hiyo. Kipenyo cha Jua ni mara 109 ya kipenyo cha Dunia. Tufe la mita 26.5 likiwa Jua, Dunia ni mpira wa sentimita 24 unaoweza kuukumbatia. Tufe likiwa Dunia, mlima Everest unakuwa kinundu cha milimita 18 juu ya uso wake. Hakuna chati ya ukutani inayoweza kufanya hivyo, kwa sababu chati haikuzidi ukubwa. Mwili wako unahitaji kusimama chini ya kitu cha mita 26 ili namba ziingie. Ule ukubwa ndio onyesho, na onyesho ndilo jengo. Wakilibomoa tufe wakaweka ukumbi wa mraba, njia ile inakufa yote.

Shanghai Astronomy Museum, iliyofunguliwa mwaka 2021 na kusanifiwa na Ennead Architects, imefanya jambo la aina hiyo kwa kutumia wakati. Juu ya lango kuna tundu kubwa la duara kwenye sehemu ya jengo iliyotokeza mbele. Jua linapita tundu hilo na kuchora mduara wa mwanga unaotembea juu ya uwanja wa chini siku nzima. Adhuhuri ya siku ndefu kuliko zote katika mwaka, mduara huo hukamilika na kuangukia jukwaa lililojengwa kuupokea. Shanghai iko karibu latitudo ya nyuzi 31 kaskazini, kwa hiyo adhuhuri ile jua liko nyuzi 82 juu ya upeo, karibu na utosi lakini si utosini.

Nimeitaja latitudo makusudi, maana wanafunzi wengi huinakili picha na kuisahau jiometria yake. Tundu lile ukilihamishia mahali pengine bila kulipima upya linakuwa dirisha la kawaida. Katika ukanda wa tropiki, kati ya latitudo nyuzi 23.4 kaskazini na kusini, jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka. Mahali kama hapo ungeweza kuchora shimo refu lililosimama wima, jembamba, ambalo sakafu yake haipati jua kamili ila siku hizo mbili. Hilo ni jengo ambalo haliwezekani London wala Moscow, na mtu aliyesimama chini yake ameshaelewa Dunia imeinama vipi.

Vivyo hivyo na pendulum ya Foucault, ambayo karibu kila mchoro wa mwanafunzi huiweka katikati ya ngazi. Mwaka 1851 Léon Foucault alitundika tufe la kilo 28 kwa waya wa mita 67 ndani ya Panthéon jijini Paris. Lilienda na kurudi kwa sekunde 16 hivi, na mstari wake wa kubembea ukaonekana ukigeuka polepole kadiri Dunia inavyozunguka. Paris mzunguko kamili wa mstari huo huchukua karibu saa 32. Kwenye latitudo ya nyuzi 30 ni saa 48. Kwenye nyuzi 6 ni siku tisa na nusu, na kwenye ikweta yenyewe mstari haugeuki kabisa. Mgeni wa saa mbili kwenye nyuzi 6 ataona mabadiliko ya nyuzi 3 tu. Kama kiwanja chako kiko karibu na ikweta, usitoboe ghorofa nne kwa ajili ya kitu kisichoonekana kikifanya kazi. Nafasi hiyo ipe jua.

Mfano wa tatu ni wa muundo. Cité des sciences et de l'industrie ya Paris ilifunguliwa tarehe 13 Machi 1986, siku ambayo chombo cha angani Giotto kilikuwa kinakutana na nyota-mkia ya Halley. Jengo lenyewe lilikuwa gofu kubwa la zege la machinjio ya La Villette lililoachwa bila kukamilika. Msanifu Adrien Fainsilber alilikubali lilivyo, naye ni shahidi mwingine wa mwalimu wako, maana ndani ni sanduku kubwa mno. Upande wa kusini aliongeza mabanda matatu ya kioo kwa ajili ya mimea, kila moja na uso wa mita 32 kwa 32, na kazi ya kioo akampa mhandisi Peter Rice na wenzake.

Hapo ningependa usogee karibu uangalie. Vioo ni vya mita 2 kwa 2, na havina fremu. Kila kipande kimening'inia kutoka kwa kilicho juu yake, na cha juu kabisa kimetundikwa kwenye springi, ili mzigo ukiongezeka ghafla usivunje kitu. Kwenye pembe, bolti inapita katika tundu la kioo, na kiungo chake cha duara kimewekwa ndani ya unene wa kioo chenyewe. Sababu yake ni kwamba kioo huweza kubeba mzigo unaopita ndani ya bapa lake, lakini hukatika haraka kikipindwa. Kiungo kingekaa sentimita chache nje ya kioo, kila upepo ungekipinda pale kwenye tundu. Nyuma yake kuna nyaya zilizopinda pande mbili: upepo ukisukuma, seti moja inakaza, ukivuta, inakaza nyingine. Mgeni akisimama hapo kwa dakika tano, akifuata kwa macho kutoka kioo hadi bolti hadi waya hadi bomba la chuma, amesoma somo zima la nguvu bila bango. Namna ile ya kushika kioo ilikuja kuigwa duniani kote, mara nyingi na watu waliochukua sura yake wakaacha sababu yake.

Hapo utaona kwamba si lazima umbo liwe kubwa. Bolti ya La Villette inavuka kipimo changu vizuri kuliko majengo mengi ya ajabu.

Mengine nitayapitia haraka. California Academy of Sciences ya Renzo Piano, iliyofunguliwa mwaka 2008 mahali ambapo majengo ya zamani yaliharibiwa na tetemeko la 1989, ina paa la mimea la takriban hekta moja na karibu mimea milioni 1.7 ya asili ya eneo lile. Vilima vya paa vinapanda kufunika makuba mawili, ya planetariamu na ya msitu wa mvua, na miteremko yake husaidia hewa baridi kushuka uani huku ya moto ikitokea juu kupitia madirisha yanayojifungua yenyewe. Linavuka. MUSE ya Trento, Italia, ya Piano pia, ya mwaka 2013, ina mgongo wa paa unaofuata safu za milima ya Alpi inayoizunguka. Milima hiyo ya paa naiona ni heshima kwa mandhari zaidi ya somo. Lakini pembeni yake kuna banda la kioo lenye msitu wa milima ya Udzungwa ya Tanzania, na hapo msanifu amelazimika kutenganisha hewa ya msitu wa mvua na kumbi zenye wanyama waliokaushwa, ambao unyevunyevu ungewaozesha. Hiyo ni kazi ngumu isiyopigwa makofi.

Phaeno ya Wolfsburg, Ujerumani, kazi ya Zaha Hadid ya mwaka 2005, imeinuliwa juu ya koni kumi za zege ambazo baadhi zina vyumba ndani yake, hivi kwamba uwanja wa chini umebaki wa mji. Zege ya kawaida isingejaa vizuri katika pembe zile zilizoinama, ikabidi itumike inayojishindilia yenyewe. Nalistahi sana jengo hilo, ila sakafu yake ya vilima na mabonde inawabana wanaopanga maonyesho, na gharama hiyo hurudi kila mara onyesho linapobadilishwa. Gilder Center ya New York, sehemu mpya ya American Museum of Natural History ile ile, ya Studio Gang, iliyofunguliwa mwaka 2023, ni korongo la zege iliyonyunyiziwa moja kwa moja juu ya nondo. Zege hiyo haikuchongwa na maji, kwa hiyo kama somo la mmomonyoko inayumba. Inatetewa kwa sababu nyingine: imeunganisha majengo kumi ambayo korido zake zilikuwa zinaishia ukutani, na mtu aliyepotea hurudi korongoni akajua alipo. Kumsaidia mgeni asipotee ni kazi halali ya umbo, hata kama haifundishi fizikia.

Na kuna onyo moja. Mnara wa Glasgow Science Centre, wenye urefu wa mita 127, ulijengwa uzunguke wote kuanzia chini ili uso wake mwembamba uelekee upepo. Wazo ni safi, la kisayansi kweli kweli. Lakini uzito wote unakalia beringi ya chini, na matatizo ya kiufundi yaliufanya mnara ufungwe kwa vipindi virefu tangu ulipofunguliwa mwaka 2001. Kama umbo lako linategemea kitu kimoja kinachosogea na kisichofikika kwa matengenezo, fikiria mara mbili.

Sasa wimbi lako. Naona njia tatu za kulipa kazi, na ningekushauri uchague moja uifikishe mwisho.

Ya kwanza ni nguvu. Karatasi ikilala gorofa kati ya vitabu viwili inazama kwa uzito wake. Ikikunjwa mikunjo inabeba kikombe. Unene wake haukubadilika, kilichobadilika ni kina. Ubao ukiongezewa kina mara mbili, ukakamavu wake dhidi ya kupinda huongezeka mara nane. Mhandisi wa Uruguay Eladio Dieste aliishi kwa kanuni hiyo. Kwenye kanisa lake la Atlántida, lililokamilika mwaka 1960, kuta za matofali zimeanza chini zikiwa mstari ulionyooka, zikapanda zikijipinda hadi juu kabisa ni mawimbi, na paa lake jembamba la matofali nalo ni mawimbi. Nyoosha kuta zile, zitahitaji nguzo. Kama paa lako litavuka ukumbi bila nguzo kwa sababu ni wimbi, na mgeni akaweza kuona ukingo wake uliokatwa wazi ashangae wembamba wake, umeshinda hoja.

Ya pili ni sauti, ambayo pia ni hatari kwako. Upande wa wimbi unaobonyea juu ya vichwa vya watu hukusanya sauti. Kama nusu kipenyo cha mpindo kinakaribia kimo cha dari, sauti ya mtu aliye chini itarudi na kumkusanyikia yeye na majirani zake. Pima kila mpindo. Ulio mbaya ufunike kwa kitu kinachofyonza sauti, au ubadilishe nusu kipenyo. Kisha acha mmoja kwa makusudi, mbali na msongamano, watu waweze kunong'ona upande mmoja na kusikika upande wa pili. Hapo wimbi lako litakuwa linazungumzia mawimbi kweli.

Ya tatu ni hewa na maji: hewa moto hupanda kwenye kilele, mvua hujikusanya bondeni. Tundu la kutolea hewa juu na bomba la mvua la kioo linaloshuka katikati ya ukumbi vinatosha. Ila mabonde ya paa ndipo panapovuja, kwa hiyo chora mteremko wake, mtaro wake na njia ya fundi kufika kuusafisha.

Kumbi nyingine zote zilizo chini na nyuma ya wimbi ziache ziwe masanduku, na usione haya kumwambia mwalimu kwamba hapo umemfuata yeye. Kisha chora mchoro mmoja wa mkato, yaani jengo kana kwamba limekatwa wima, kwa skeli ya 1:50, upite kwenye kilele cha wimbi, sakafu ya maonyesho, mabomba ya chini na mlango wa mizigo. Onyesha unene wa paa kwa milimita, andika muda wa mwangwi uliokokotoa, na usimamishe humo mtoto wa miaka minane, ambaye macho yake hayafiki mita 1.2 kutoka sakafuni. Kutoka machoni pake vuta mstari hadi sehemu ya wimbi inayofanya kazi uliyoichagua. Mstari ukigonga kingo, ukuta au mgahawa, rekebisha mkato kwanza. Picha ya nje iache hadi uwe umemaliza.